Prosesa za Kesho na Tatizo la Joto

Tarehe 23 Juni 2003, mjini San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alionyesha kompyuta mpya iliyoitwa Power Mac G5. Prosesa yake, iliyotengenezwa na kampuni ya IBM, ilikwenda kwa kasi ya gigahezi 2, yaani mapigo bilioni 2 kwa kila sekunde. Jobs akaahidi kwamba katika muda wa miezi 12 mapigo hayo yangefikia gigahezi 3. Magazeti ya kompyuta yakajaa ubashiri. Wengi walikwenda mbele zaidi ya ahadi yenyewe: ikiwa G5 imekwisha kuingia katika kompyuta ya mezani, basi haina budi kuingizwa pia katika PowerBook, kompyuta ya kupakata ya kampuni hiyo hiyo.

Yote mawili hayakutokea. Juni 2004 Power Mac ilifikia gigahezi 2.5, na Aprili 2005 ikafikia 2.7. PowerBook ilibaki na prosesa ya kizazi kilichotangulia, G4, hadi ilipoacha kutengenezwa. Haukuwa uvivu wa mafundi. Jawabu limo katika fizikia, na aliyelitafuta angeweza kuliona mapema.

Prosesa ni kipande cha silikoni chenye swichi ndogo mno ziitwazo transista. Kila swichi inapowashwa au kuzimwa hutumia chembe ya umeme, na umeme huo huishia kuwa joto. Joto huongezeka kwa kadiri ya idadi ya mapigo, na tena kwa kadiri ya mraba wa volti. Ili swichi ziende mbio zaidi, kwa kawaida volti nayo hupandishwa. Chukulia kwamba mapigo yameongezwa kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 20: joto litakuwa 1.2 mara 1.2 mara 1.2, yaani kiasi cha 1.73 ya lile la awali. Kazi imezidi kwa asilimia 20, tena ikiwa mambo yote yamekwenda vizuri; joto limezidi kwa asilimia 73.

Kwa miaka mingi shida hiyo ilijificha, kwani kila kizazi kipya cha prosesa kilileta transista ndogo zaidi zilizotosheka na volti ndogo zaidi. Transista zilipofikia kipimo cha nanomita 90, mnamo mwaka 2004, umeme ulivuja kwa wingi hata swichi ilipokuwa imezimwa, mithili ya bomba lisilofunga sawasawa. Volti haikuweza tena kushushwa kama zamani. Tatizo hili halikuwa la IBM peke yake: Oktoba 2004 Intel, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa zama hizo, iliacha mpango wake wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4.

Dalili zilikuwa wazi machoni. Power Mac ya mwaka 2003 ilikuwa na feni 9 ndani yake. Ile ya gigahezi 2.5 ilipozwa kwa kimiminika kilichozungushwa na pampu, kama rejeta ya gari. Mtu aliyeona rejeta ndani ya kompyuta ya mezani angewezaje kutarajia prosesa hiyo hiyo ikae juu ya mapaja ya binadamu? Hata hivyo ubashiri uliendelea.

Tarehe 6 Juni 2005 Jobs alikiri hadharani kuwa ahadi haikutimia, akatangaza kwamba Apple ingehamia kwenye prosesa za Intel. Sababu aliyoitoa ni kiasi cha kazi kinachopatikana kwa kila wati ya umeme: vizio 70 kwa prosesa ambazo Intel ilikuwa ikizitayarisha, 15 kwa zile za PowerPC. (Tarakimu za mwuzaji, bila shaka, hupokewa kwa tahadhari.) Gigahezi 3 ziliwafikia wateja wa Apple Agosti 2006, ndani ya prosesa ya Intel.

Hapo ndipo ubashiri wa baadaye ulipopata kipimo kilicho bora. Mwaka 2008 Apple iliinunua kampuni ndogo ya wabunifu wa prosesa, P.A. Semi, na mwaka 2010 ikatoa prosesa yake A4 kwa ajili ya iPad na simu. Simu haina feni wala nafasi ya feni. Mbunifu wake hujifunza kubana joto kabla ya jambo jingine lolote. Kwa hiyo Novemba 2020, prosesa M1 ilipoingia katika kompyuta za Mac ikiwa na transista bilioni 16, MacBook Air iliyouzwa nayo haikuwa na feni hata moja. Aliyekuwa akihesabu gigahezi alishangaa; aliyekuwa akihesabu wati hakuwa na sababu ya kushangaa.

Anayetaka kukisia vizazi vijavyo na aangalie huko huko: idadi ya viini vinavyofanya kazi kwa pamoja, sehemu maalumu za kushughulikia picha na hesabu za akili bandia, na kasi ya kupitisha habari kati ya prosesa na kumbukumbu. Katika M1 na zilizofuata, kumbukumbu imewekwa ubavuni mwa prosesa ili kupunguza safari ya umeme. Faida yake ni kubwa, lakini mnunuzi hawezi kuiongeza baadaye. Kiasi alichonunua siku ya kwanza ndicho atakachobaki nacho.

Na ubashiri si mchezo kwa mwenye fedha chache, wala kwa anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Aliyenunua Power Mac G5 mwishoni mwa 2005 alikuta kwamba mfumo wa Mac OS X 10.6, uliotolewa Agosti 2009, haukubali kabisa mashine yake. Mac Pro yenye prosesa ya Intel iliuzwa na Apple hadi Juni 2023; Juni 2025 kampuni ilitangaza kwamba macOS 26 ndio mfumo wa mwisho utakaokubali prosesa hizo.