Utangulizi: Mwalimu wa Farasi na Mwaka Wake

Mgeni wa taaluma ya mafunzo ya farasi aghalabu hukabidhiwa kwanza vitabu vya mbinu: namna ya kushika hatamu, namna ya kukaa kwenye tandiko, namna ya kumzungusha farasi uwanjani. Mimi humwomba aanze na maswali mengine. Mwalimu wa farasi yuko wapi Januari? Yuko wapi Juni? Nani anamlipa? Karibu kila kinachodhaniwa kuwa siri ya ufundi huu, ukikichungulia kwa karibu, ni suala la muda: lini kuanza, lini kuacha, lini kumpumzisha mnyama, lini kufunga mizigo na kwenda kwingine.

Mwalimu mmoja wa kale aliyetuachia maelekezo marefu alilijua hilo. Kikkuli, mtu wa nchi ya Mitanni, aliwafunza Wahiti kuandaa farasi wa magari ya vita zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, na maneno yake yamehifadhiwa kwenye vibao vya udongo vilivyofukuliwa Hattusa, katika Uturuki ya leo. Anayetafuta falsafa humo atachoka upesi. Atakuta siku na usiku, masafa ya kukimbia, kipimo cha shayiri na majani makavu, kuoshwa, kunyimwa maji na kunyweshwa, kwa takriban miezi saba. Mwaka 1991 mtafiti Ann Nyland aliufuata mpango huo nchini Australia kwa farasi wa Kiarabu, na tangu hapo ni vigumu kuudharau kuwa orodha tupu. Nami namwomba msomaji asipite haraka kwenye jambo moja: Kikkuli alikuwa mgeni. Dola kubwa ilihitaji ujuzi wa mtu kutoka nje. Mwalimu wa farasi anayefundisha ugenini si zao la barabara za lami.

Baada yake wanakuja wengi, nami nitawataja wachache tu. Xenophon, Mwathene aliyepigana mbali na kwao kama askari wa kukodiwa huko Uajemi, aliandika katika karne ya nne kabla ya Kristo kwamba farasi asiguswe kwa hasira, na kwamba anachokifanya kwa kulazimishwa hakielewi. Huko Baghdad, katika karne ya tisa, Ibn Akhi Hizam aliunganisha upandaji na tiba ya farasi, muungano ambao vyuo vyetu vingi leo vimeutenga katika idara mbili zisizosalimiana. Kitabu cha Federico Grisone kilitoka Napoli mwaka 1550 na kuenea Ulaya. Baadhi ya adhabu zilizomo ni za kikatili, na sijaona sababu ya kumwombea radhi kwa kisingizio cha zama zake, maana Xenophon alikwisha kusema vinginevyo karne nyingi kabla. Wajenzi wa ukumbi wa baridi wa Shule ya Kihispania ya Upandaji huko Vienna walimaliza kazi mwaka 1735, na mpaka leo madume weupe wa Lipizza wanafundishwa humo. Wakati wa kiangazi wanapelekwa mashambani kupumzika. Mpandaji mchanga hufundishwa juu ya dume mzee anayejua kazi, na sehemu kubwa ya elimu hiyo hupokezwa kwa mdomo, jambo lililochangia UNESCO kuiorodhesha mwaka 2015 kuwa urithi usioshikika.

Lakini ningependa msomaji akae zaidi magharibi mwa Marekani, kwa sababu huko maisha ya mwalimu anayesafiri yanaonekana waziwazi. Tom Dorrance, aliyezaliwa 1910, alikuwa mtu wa ranchi asiyependa jukwaa. Mfuasi wake Ray Hunt ndiye aliyeyapeleka mafundisho ya Dorrance barabarani, mji hadi mji, na alizoea kuwatangazia waliolipa kiingilio kwamba yeye amekuja kwa ajili ya farasi. Buck Brannaman aliendeleza safari hizo, na filamu ya mwaka 2011 inayobeba jina lake inamwonyesha akiendesha gari lenye trela ndefu, farasi wake nyuma, akiwa mbali na nyumbani sehemu kubwa ya mwaka. Njia inafuata hali ya hewa. Ardhi ya Montana na Wyoming ikiganda, mafunzo ya wazi huhamia kusini, Arizona au California. Theluji ikiyeyuka, magari yanapanda tena kaskazini.

Tusogee uwanjani. Mwalimu anamkabidhi mwenye farasi kamba ya mnyama wa miaka miwili au mitatu, anamwambia avute kidogo tu, kisha asubiri. Farasi anakaza shingo. Mwenye kamba anatamani kuvuta zaidi; anakatazwa. Baada ya kitambo sikio moja linageuka, taya linalegea, uzito unahamia mguu wa nyuma, na kwato ya mbele inaanza kuachia mchanga. Hapohapo kamba inapaswa kulegezwa, kabla hatua haijakamilika. Ukichelewa kidogo tu, farasi atakuwa amekwisha kufanya jambo jingine, pengine kurusha kichwa juu, na hilo ndilo atakaloamini limemletea nafuu. Kesho atarusha tena. Watazamaji watasema farasi ana kiburi.

Wanasaikolojia wanaeleza tukio hilo kwa lugha kavu: tendo linaimarika pale karaha inapoondolewa. Jumuiya ya Kimataifa ya Sayansi ya Upandaji Farasi, iliyoanzishwa 2007, imewasaidia watafiti kuyapima mambo ambayo zamani yaliitwa kipaji au mkono mwepesi. Kabla yao kulikuwa na Hans wa Berlin, farasi aliyesifika kwa kufanya hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa akisoma mienendo midogo mno ya mwili wa muulizaji; muulizaji asiyejua jibu alipata farasi asiyejua hesabu. Kisa hiki husimuliwa kama fedheha ya farasi. Mimi nakiona kama onyo kwa mwalimu: mnyama wake anamsoma muda wote, hata pale anapodhani somo halijaanza.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tunahusikaje? Mbung'o na tauni ya farasi, inayoenezwa na visubi hasa baada ya mvua, vilimzuia farasi asienee bara. Pwani, punda ndiye aliyebeba mizigo ya Lamu na bado anaibeba. Hata hivyo kuna mbio za farasi Ngong, Nairobi, na Waswahili wanaoishi Oman na Emirati wana bahati kubwa zaidi ya kitaaluma kuliko wanavyodhani: joto la huko linasukuma mbio za masafa marefu jangwani ziangukie miezi ya baridi, hivyo mwaka wa mwalimu unasomeka kwa urahisi kabisa.

Maandiko yetu bado hayajatoa uzito wa kutosha kwa siku inayofuata. Darasa la siku tatu au nne linakwisha, mwalimu anafunga trela, anaondoka. Jumatatu mwenye farasi yuko peke yake bandani na kamba mkononi. Nini kimebaki kwake, na kwa farasi? Walimu huandikwa, na mbinu zao hubishaniwa. Mwanafunzi aliyelipa, akarudi nyumbani na kuchelewa tena kulegeza kamba, hatajwi sana. Natamani watu waifanye kazi ya kumfuatilia mwanafunzi huyo, na si lazima wawe wapandaji hodari. Waombe kibarua cha kuzoa samadi mahali mwalimu anapopita, wakae tangu kabla hajafika hadi atakaporudi msimu mwingine, na waandike mwenye farasi anafanya nini asubuhi ambazo hakuna anayemtazama.