Linux ya Jumamosi: onja kwanza, ndo uweke

Wiki hii nimeulizwa na watu watatu hapa kafe swali lile lile: "Hivi hiyo Linux mnayofundisha bure ni kitu gani, na nyie mnapata nini?" Ngoja nijibu mara moja.

Linux ni programu endeshi, yaani ile inayoamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine, kama ilivyo Windows. Kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi pale Helsinki, Finland. Tofauti kubwa iko kwenye leseni: unaruhusiwa kuinakili, kuibadili na kumgawia mwenzio, na wala sio wizi. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, ni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mtu wa bara letu hili hili.

Mbona sasa hivi watu wanaiulizia? Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine bado nzima, utaitupa?

Sisi tuko wanne, hatulipwi. Somo la kwanza ni kuwasha kompyuta kwa flashi. Flashi ya GB 8 inatosha, ila ijue mapema: ukiiandaa, kila kilichomo kinafutika. Ukishawasha unachagua kujaribu tu. Unaangalia kama sauti inatoka, kama intaneti inashika, kama printa inaitika. Ukichoka unazima, unachomoa, ukiwasha tena Windows yako iko pale pale.

Somo la pili ni amri chache. pwd inakwambia uko folda gani, ls inaonyesha vilivyomo, cd inakuhamisha, cp inanakili. Na rm inafuta moja kwa moja, haipitii kwenye kapu la taka. Hiyo rm tunaifundisha mwisho kabisa, na kwa mafaili ya kuchezea.

Sasa nikiri jambo. Mwaka jana dada mmoja wa chuo aliniletea laptopu yake. Nilikuwa na haraka, foleni ndefu. Kikaja kile kiulizo cha kufuta diski yote, nikabofya ndiyo. Ndo nikakumbuka kumuuliza: "Dada, nakala unayo?" Akaniambia, "Nakala gani tena, kaka?" Humo ndani kulikuwa na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, miezi miwili ya kazi, na alitakiwa kuikabidhi wiki ile ile. Tulihangaika mpaka usiku, tukaambulia kurasa sita alizokuwa amemtumia rafiki yake kwa barua pepe. Hajarudi tena darasani, na simlaumu hata kidogo.

Toka siku hiyo tuna sheria moja. Hatugusi diski ya mtu mpaka atuonyeshe nakala zake kwenye flashi nyingine, na azifungue mbele ya macho yetu. Wengine wanatuona tunajivuta. Poa tu.

Tunapata nini? Wawili kati ya sisi wanne walianza kama wanafunzi, hawajui hata kushika mausi. Hayo ndo malipo yetu. Jumamosi njoo na flashi mbili, sio moja. Maoni ruksa.