Moshi wa Tanga na Hesabu ya Shabaha

Asimamaye Timbwani, ng'ambo ya Likoni, hana mbali na mlango wa Kilindini. Mwisho wa Oktoba 1914, Jenerali Aitken wa Uingereza alishuka Mombasa kushauriana, kisha akawapeleka askari wake kama 8,000, waliotoka Bara Hindi, kuivamia Tanga. Baada ya siku chache majeshi hayo yalirejea Mombasa yameshindwa na watu wa Lettow-Vorbeck, waliokuwa kama 1,000 tu.

Ajabu ni kuwa walioshinda ndio waliokuwa na bunduki duni. Askari wengi wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani walibeba Mauser ya 1871, yenye baruti nyeusi. Waingereza walikuwa na .303, isiyo na moshi.

Hebu tuzipime. Kichwa cha risasi ya Mauser kilikuwa na uzito wa gramu 25, kikitoka mtutuni kwa mita 430 hivi kwa sekunde. Kile cha .303, kwa umbo lake la ncha kali la 1910, ni gramu 11 na ushei, mita 744 kwa sekunde. Hata tukiusahau upepo, ikifika mita 400 ya kwanza imekwisha shuka zaidi ya mita 4. Ya pili, kama mita 1 na nusu.

Mpigaji shabaha atasema hilo si neno, kwani kilengeo huinuliwa. Kweli, lakini sharti aujue umbali. Akidhani ni mita 400, kumbe ni 450, risasi ya Mauser itapita sentimita 60 chini ya alipolenga, na ya .303 sentimita 20. Ya kwanza imemkosa mtu kifuani. Ya pili imempata.

Tena kuna moshi. Uwanjani pa mashindano moshi ni kero tu. Vitani, pafukapo moshi pana moto, na adui hupajua pa kupiga. Askari wa Mauser alijifichua kwa kila risasi aliyoipiga.

Mbona basi .303 ilishindwa? Wavamizi walikawia, hawakuupeleleza mji, na wengi wao hawakuwa na mazoezi ya kutosha. Hesabu ya risasi haimfidii mtu upungufu huo. Lettow-Vorbeck mwenyewe hakuidharau hesabu hiyo: bunduki za kisasa zilizoachwa Tanga aliziokota, akawapa askari wake, na vita vikaendelea hadi Novemba 1918.