Mwanga wa Duarani: Betri Ipi Inafaa Pesa Yako?

Ukiwa ndani ya duara la mgodi Nyarugusu au Rwamgasa, Geita, tochi ikizimika huna duka la jirani. Na unaweza kukaa humo kuliko ulivyopanga: mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Taa ya kichwani ni kifaa cha kazi kama sururu, basi ununue betri yake kwa hesabu: gawanya bei kwa idadi ya zamu itakazokuangazia.

Betri za bei ya chini kabisa dukani ni za zinki na kaboni. Kopo la betri hiyo lenyewe ndilo zinki, na umeme unatokana na zinki hiyo kuliwa kidogo kidogo na kemikali iliyomo ndani. Ndiyo maana ikiisha hutoboka na kumwaga uji unaokula springi za tochi. Kuianika juani kunakupa dakika chache tu. Zinki iliyokwisha kuliwa hairudi.

Betri ya alkali nayo ni ya zinki, ila zinki yake ni unga uliojazwa ndani, hivyo inatoa umeme mwingi zaidi. Kwenye taa kali inaweza kudumu mara tatu ya ile ya kwanza, au zaidi. Inauzwa chini ya mara tatu ya bei? Chukua. Kwa saa ya ukutani, ile ya bei ya chini inatosha.

Sasa taa ya kuchaji, ambayo kila muuzaji atakuambia ni ya bure milele. Tuseme jozi ya betri za kawaida ni shilingi 1,000 na inakutosha zamu mbili. Zamu 24 kwa mwezi ni shilingi 12,000. Ukinunua taa ya kuchaji ya shilingi 25,000 na una umeme nyumbani, pesa yako imerudi katika mwezi wa tatu. Lakini ukichaji kibandani kwa shilingi 500 kila zamu, mwezi unakula shilingi 12,000 zile zile, na taa hujailipia bado. Jiulize kwanza utachajia wapi. Weka bei za kwenu kwenye hesabu hii kabla ya kufungua pochi.

Taa nyingi za kuchaji za bei ndogo zina betri ya risasi ya volti 4 ndani. Madini ya risasi hayapendi kukaa bila chaji: ukiiacha tupu wiki mbili kambini, sahani zake zinashika ukoko na haijai tena. Ya lithiamu ni nyepesi na huvumilia zaidi. Ila soma lebo kwa macho makali. Betri ya lithiamu ya mviringo, ndefu kama kidole, iliyoandikwa mAh 9900 ni uongo. Nzuri za saizi hiyo huishia karibu na 3,500. Ishike mkononi: halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, na ile nyepesi mno iache hapo hapo.

Nyumbani, kwenye sola, ndipo pesa nyingi hupotea, na mtego mkubwa ni betri ya gari iliyotumika. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiikamua kila usiku itakufa baada ya miezi michache.

Betri ya risasi ya sola ya Ah 100, volti 12, ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu utumie nusu. Kwa mizunguko 500 ya kuchaji na kutumia umepata kama uniti 300 za umeme. Ya lithiamu chuma fosfeti ya ukubwa huo unaitumia hadi asilimia 80, mizunguko 2,000 au zaidi: uniti kama 2,000. Hata ikiuzwa mara tatu ya bei ya risasi, kila uniti inakugharimu chini ya nusu.

Gharama hazijaisha. Betri ya risasi yenye vifuniko inadai maji ya betri, na joto linaiua: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu, kwa hiyo usiiweke chini ya bati la Shinyanga. Ya lithiamu inataka kontrola ya sola yenye mpangilio wa lithiamu. Uliza bei yake siku hiyo hiyo. Kuhusu pa kununua, Mwanza kuna maduka mengi zaidi, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu wa Geita foleni ya kivuko, lakini nauli ya kuirudisha betri mbovu ni sehemu ya bei. Dai risiti ya EFD. Bila hiyo dhamana ni maneno matupu.

Kama pesa haitoshi, nunua lithiamu ndogo ya Ah 20, uache betri kubwa ya gari. Inakupa wati-saa kama 200: balbu tatu za wati 5 kwa saa sita, na simu zinachajika.

Betri ya risasi iliyokufa usiitupe. Wanunuzi wa vyuma chakavu huinunua kwa kilo, hivyo ipime wewe kwanza. Usiifungue: asidi yake inaunguza, na vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto.