Anayekula LUKU si taa

Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta. Zikipanda, nauli ya daladala haigeuki siku hiyo, kwa kuwa inapangwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, lakini bodaboda hawangoji kikao cha mtu. Bei inapanda pale pale kijiweni. Mkaa nao hauchelewi sana, maana huingia mjini kwa lori. Ndipo nyumbani kubana matumizi kunapoanza, na kwa kawaida huanzia kwenye swichi ya taa: nani kaacha taa ya korido inawaka?

Taa inaonewa. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Taa ya LED ya wati 7 ikiwaka saa sita kila usiku, kwa siku thelathini inakula uniti moja na robo hivi. Sasa iangalie hita ya bafuni, ile inayochemsha maji yakiwa yanapita bombani. Nyingi ni za wati 5,000 hivi. Dakika kumi za kuoga ni zaidi ya robo tatu ya uniti. Watu wanne wakioga asubuhi wameshamaliza uniti tatu na ushee, umeme ambao ungeiwasha taa ile kwa zaidi ya miezi miwili. Redio, chaja ya simu, hata televisheni ya kisasa, vyote hivyo ni wadokozi tu. Walaji wenyewe ni vyombo vya joto: hita, pasi, birika, koili. Friji huwafuata kwa kuwa halilali, hasa likiwa kuukuu, mpira wa mlango umelegea na barafu imeganda nene.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama aanzie jikoni. Chukua maharage. Kwenye koili ya wati 1,500, saa mbili za kuyachemsha zinaweza kufika uniti mbili na zaidi, hata ukipunguza moto. Jiko la umeme la presha ni habari nyingine. Linavuta wati zake 1,000 mwanzoni, mpaka presha ijae, kisha linakaa kimya, likishtuka mara moja moja kuongeza joto lililopungua. Maharage yaliyolowekwa usiku hutumia humo kama nusu uniti. Kwa mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, anayelipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato (VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1), uniti inamfikia kwa shilingi 356 hivi. Sufuria la maharage basi ni shilingi 180. Kwa bei hiyo muuza mkaa wa Dar es Salaam hakupimii hata kopo.

Mbona mkaa hauishi mitaani? Ni rahisi kusema watu hawana elimu, na viongozi wetu hulipenda sana jibu hilo. Lakini mkaa una sifa moja ambayo gesi na jiko la presha havina: unauzwa kwa pesa uliyo nayo. Mwenye buku ananunua kopo, mwenye nafasi ananunua gunia. Mtungi wa gesi wa kilo 6 haujazwi nusu kwa sababu leo biashara haikwenda vizuri. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka wa mwisho. Kwa mtu wa kipato cha kutwa, kikwazo kinaanzia kwenye pesa ya mkupuo, hata pale bei ya chungu kimoja inapomfaa. Na umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, jiko la mkaa lililowekwa nyuma ya mlango ndilo linalookoa chakula cha watoto.

Kuna pia suala la mita. Kundi la D1 ni la mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anayelipa shilingi 100 kwa uniti, yaani 122 pamoja na makato. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na baada ya makato inafika 427. Hapo ndipo nyumba za kupanga zinapoumia. Vyumba sita kwenye mita moja vikigawana uniti 75, kila chumba kinapata kumi na mbili na nusu. Kodi ya jengo nayo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa hiyo mpangaji anayenunua wa kwanza mwezi ukianza anaweka elfu mbili, anapata uniti kiduchu, na anaapa kwamba kaibiwa. Hajaibiwa, kamlipia mwenye nyumba kodi yake.

Ndiyo maana nyumba nyingi za namna hiyo zina sheria: hita marufuku, kupikia umeme marufuku, mwenye friji aongeze mchango. Sheria hiyo inazuia ugomvi, lakini inamkataza mama wa chumba cha tatu kupika maharage ya nusu uniti na kumrudisha uani kwenye mkaa. Baadhi ya wenye nyumba wamefunga mita ndogo kwa kila chumba, na kila mtu analipa alichokula. Magomvi yanapungua. Lakini kwenye mita kubwa kizingiti kinabaki kile kile, uniti 75, nyumba iwe ya mlango mmoja au sita.