SANAA INAPOCHOCHEA NA SANAA INAPOPATANISHA



Tarehe 2 Desemba 2008, Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa mjini Arusha kusikiliza kesi za mauaji ya Rwanda ilimhukumu Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Bikindi hakuwa jenerali wala waziri. Alikuwa mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa kikundi cha ngoma, na sifa zake zilienea nchini mwake kote. Nyimbo zake zilipigwa na redio RTLM, ile iliyoanza kutangaza Julai 1993, na ambayo mwaka uliofuata ilifikia hatua ya kutaja majina ya watu waliotakiwa wauawe. Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa watu wapatao 800,000, walio wengi Watutsi. Kwenye vizuizi vya barabarani walikuwako wauaji walioshika panga mkono mmoja na redio mkono wa pili.

Hukumu hiyo yafaa isomwe kwa makini, hasa na wenye dhamana ya kukamata watu. Mahakama ilikubali kwamba baadhi ya nyimbo zile zilipotosha historia na kwamba zilitumika katika kampeni ya chuki. Hata hivyo, Bikindi hakutiwa hatiani kwa ajili ya nyimbo. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani, mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza watu wawaangamize Watutsi. Hapo ndipo mpaka ulipo: kuna wimbo unaomchukiza mkubwa fulani, na kuna amri ya kuua.

Mpaka huo haukuheshimiwa kila mahali. Nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa tangu Desemba 1977 hadi Desemba 1978, baada ya wanakijiji wa Kamiriithu kucheza mchezo wa Kigikuyu aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Mwaka 1982 serikali ikatuma polisi kuubomoa ukumbi ambao wanakijiji hao waliujenga kwa mikono yao. Ukumbi ule haukuwa na silaha yoyote isipokuwa maneno ya wakulima na wafanyakazi kuhusu ardhi na mishahara yao.

Turejee kwenye redio, kwani chombo kilichobeba sumu kilikuja kubeba dawa. Nchini Burundi, vita vilivyoanza 1993 vikiwa vinaendelea, mwandishi Marie-Louise Sibazuri aliandika mchezo wa redio kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Mchezo huo uliandaliwa na Studio Ijambo, iliyoundwa 1995, na waandishi wake wa habari walitoka pande zote mbili.

Nchini Rwanda, mwaka 2004, ulianza mchezo uitwao Musekeweya, maana yake Mapambazuko Mapya. Una vijiji viwili hasimu, Bumanzi na Muhumuro, na haumwiti mtu Mhutu wala Mtutsi. Msikilizaji huelewa mwenyewe. Kuna kijana na msichana waliopendana ng'ambo na ng'ambo, na kuna wakubwa wanaojijengea heshima kwa kuchochea ugomvi.

Je, michezo ya namna hii hufaa kitu? Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilipima jambo hilo nchini Rwanda. Kwa mwaka mmoja vikundi vingine vilisikiliza Musekeweya, na vingine vikasikiliza mchezo wa mambo ya afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2009, hayawapi ushindi rahisi wapenzi wa sanaa: imani za ndani za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyouona mwenendo unaokubalika katika jamii, na utayari wao wa kupinga jambo hadharani.

Mwishoni kila jumuiya ilipewa redio ya kaseti iwe mali ya wote. Wale waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kuikabidhi kwa kiongozi wa mahali hapo na kuyamaliza mazungumzo. Wale wa Musekeweya walibishana kwa muda mrefu zaidi, kisha wakaamua kuitunza pamoja.