Kompyuta ya zamani: Ulizia draiva kabla ya kununua mpya

MWENYE duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Katesh au Mbulu ana hesabu ngumu ya kufanya. Kompyuta yake bado inawaka, printa bado inatoa karatasi na wateja bado wanakuja. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa bure masahihisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza. Mfumo unaofuata, Windows 11, haukubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018.

Mfanyabiashara huyo amebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni kununua kompyuta mpya. Ya pili ni kuendelea na mfumo wa zamani, huku flashi za wateja zikiingia na virusi kila siku. Ya tatu ni kuweka mfumo wa Linux, ambao hauuzwi na ambao hufanya kazi vizuri katika mashine za umri huo.

Njia ya tatu ndiyo yenye gharama ndogo, na ndiyo wengi waliijaribu zamani wakaiacha. Sababu ilikuwa moja: printa ilikataa, modemu ilikataa au waifai haikuonekana. Kwa lugha ya mafundi, draiva haikuwapo. Ukurasa huu umeonelea ni vema kueleza hali ya jambo hilo ilivyo sasa, kwa sababu imebadilika sana, na mabadiliko hayo yana faida kwa mwenye mtaji mdogo.

DRAIVA NI NINI?

Chukua mfano wa lori linalobeba vitunguu saumu kutoka Mbulu kwenda Arusha. Tajiri ana mzigo na lori lipo, lakini bila dereva anayelijua lori lile, gia zake na breki zake, mzigo haufiki. Katika kompyuta, mfumo endeshi ndiye tajiri na printa ndiyo lori. Draiva ni programu ndogo inayojua jinsi kifaa fulani kinavyoamrishwa.

Kwa kawaida kiwanda ndicho hutengeneza draiva ya kifaa chake, kikaitoa ikiwa imefungwa, yaani hakuna mwingine anayeweza kuisoma wala kuirekebisha. Kiwanda kikiamua kwamba printa ya miaka kumi iliyopita haina faida tena kwake, draiva mpya haitolewi. Printa nzima inageuka kuwa chuma chakavu wakati roli zake na injini yake vingali vizima.

Draiva huria ni kinyume chake. Maelezo yake yote yako wazi, na fundi yeyote duniani mwenye ujuzi anaweza kuisahihisha, kiwanda kipende kisipende.

Wakulima wa Hanang hawahitaji kufundishwa somo hili. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Canada katika miaka ya 1970 na 1980, yalitegemea matrekta na mashine za kuvunia kutoka ng'ambo. Thamani ya mashine kama hizo ni kadiri vipuri vyake vinavyopatikana na kadiri fundi wa hapa anavyoweza kuifungua. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

TULIKOTOKA

Ugomvi huu ulianzia kwenye printa. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman, mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwamisha karatasi. Alinyimwa maelezo yake. Miaka michache baadaye akaanzisha harakati za programu huria.

Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo ambao leo tunauita Linux. Kwa miaka mingi viwanda viliupuuza. Watengenezaji wa draiva walilazimika kuchunguza kifaa kutoka nje, kuangalia amri zinazoingia na majibu yanayotoka, kisha kuandika draiva kwa kubahatisha. Kazi hiyo ilichukua miezi, wakati mwingine miaka, na kifaa kilipokamilika kilikuwa kimeshatoka sokoni.

Hali ilianza kugeuka mwaka 2007. Mwezi Januari mwaka huo Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kiini cha Linux, aliviahidi viwanda kuwa vikitoa maelezo ya vifaa vyao, draiva zitatengenezwa bila malipo. Septemba mwaka huo huo kampuni ya AMD ilitangaza kutoa maelezo ya kadi zake za picha. Mwaka 2010 Broadcom, ambayo vipande vyake vya waifai vilisumbua watu wengi, ilitoa draiva huria kwa baadhi ya vifaa vyake vipya. Mwaka 2022 Nvidia nayo, ambayo Torvalds aliishutumu hadharani mwaka 2012, ilifungua sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kiini.

Kwa upande wetu safari ilianzia mbali zaidi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na soko lilifunguka sawasawa miaka ya 1990. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo, mwenye duka haishi kwa tafsiri pekee. Barua ikishaandikwa kwa Kiswahili safi, lazima itoke kwenye printa.

JINSI DRAIVA ZINAVYOPIMWA

Mwenye mtaji atauliza: nani anathibitisha kwamba kitu cha bure kinafanya kazi?

Draiva mpya haiingii moja kwa moja. Hupitiwa na wasimamizi wa sehemu husika, ambao huirudisha mara kadhaa ikiwa na kasoro. Tangu mwaka 2008 zile ambazo hazijaiva zimekuwa na chumba chao cha kusubiri ndani ya kiini, ambako husafishwa au hatimaye huondolewa. Mwaka huo huo ulianza utaratibu wa kukusanya mabadiliko yote yajayo mahali pamoja kila siku, ili yanayogongana yajulikane mapema.

Aidha, siku hizi kuna mitambo inayofanya kazi hiyo usiku na mchana. Intel ina mtambo unaojenga na kupima mabadiliko mara yanapotumwa. Mradi wa KernelCI huwasha matoleo mapya katika vifaa halisi vilivyopangwa kwenye maabara za nchi mbalimbali. Google nayo ina mtambo unaotupia kiini amri za ovyo kwa makusudi ili kukiangusha, na kila kinapoanguka taarifa hutumwa kwa anayehusika. Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na zaidi ya nusu ya maandishi yake ni draiva.

Pamoja na hayo kuna pengo ambalo msomaji wa Mbulu na Hanang anapaswa kulijua. Maabara hupima vifaa ilivyonavyo. Modemu ya bei nafuu inayouzwa Afrika Mashariki peke yake huenda haijawahi kufika kwenye meza ya mtengenezaji yeyote. Vilevile draiva ya kifaa kikongwe huweza kuondolewa kama hakuna tena anayekitumia na kukipima. Kwa hiyo fundi wa Dongobesh au Haydom anayetuma taarifa sahihi ya kifaa kilichokataa, pamoja na namba zake, naye ni mpimaji. Hiyo ndiyo njia ya vifaa vyetu kuhesabiwa.

KIFAA KWA KIFAA

Printa: Hapa maendeleo ni makubwa. Mfumo wa kuchapa wa CUPS ulianza mwaka 1999 na ndio unaotumika katika Linux. HP hutoa draiva huria kwa printa zake nyingi, ingawa baadhi ya aina huhitaji kipande cha ziada kilichofungwa. Epson nayo hutoa draiva huria kwa printa zake nyingi za wino. Printa mpya nyingi zinazounganishwa kwa mtandao hazihitaji tena draiva maalumu, kwani zinafuata lugha moja ya pamoja. Mashine kubwa za fotokopi zinazoelewa PostScript au PCL nazo si tatizo. Za kuogopwa ni printa ndogo za leza za bei ya chini ambazo hazina akili zao wenyewe, bali huitegemea kompyuta kwa kila kitu kwa lugha ya siri ya kiwanda.

Skana: Zile zilizo ndani ya printa mpya za mtandao kwa kawaida hufanya kazi. Skana za zamani za peke yake zinahitaji kuulizwa moja moja.

Modemu: Modemu nyingi za USB hujitambulisha kwanza kama sidii yenye programu ya Windows. Programu ndogo ya huria huigeuza iwe modemu kamili, na kazi hiyo leo hufanyika yenyewe katika matoleo mengi ya Linux. Anayesumbuka bado anaweza kutumia waya wa simu yake kupata intaneti.

Waifai: Vipande vya Intel vina sifa nzuri. Vile vidogo vya kuchomeka, visivyo na jina, ni bahati nasibu. Kiwanda huweza kubadilisha vilivyomo ndani bila kubadilisha boksi.

Mashine za risiti: Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na inayojitegemea haina shida na mfumo wa kompyuta yako. Kama risiti zako hutolewa kwa programu iliyo ndani ya kompyuta, usibadilishe lolote kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa msambazaji wako aliyeidhinishwa. Hapa kosa halikupotezei siku moja ya kazi tu. Linakugombanisha na TRA.

Simu: Wakala wa fedha kwa simu asidhani habari hizi hazimhusu. Simu za Android hutumia kiini cha Linux, lakini draiva zake nyingi zimefungwa na watengenezaji wa vipande vya ndani. Hiyo ni sababu kubwa ya simu nzima kukosa matoleo mapya baada ya miaka michache.

HESABU YA DUKA

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme duka lina kompyuta tatu, na mpya moja ni shilingi 700,000. Kubadilisha zote ni shilingi 2,100,000. Tuseme upande wa Linux gharama ni fundi shilingi 90,000 kwa zote tatu, kumbukumbu ya ziada shilingi 180,000 na flashi shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 290,000. Tofauti ni shilingi 1,810,000, fedha inayoweza kununua karatasi, wino na mashine ya laminesheni.

Lakini ongeza swali la draiva. Kama printa mbili hazikubaliki na itabidi kununua nyingine kwa shilingi 400,000 kila moja, gharama inafika shilingi 1,090,000 na tofauti inashuka hadi shilingi 1,010,000. Kama kuna programu ya kazi inayokubali Windows peke yake, kompyuta moja ya shilingi 700,000 itanunuliwa vilevile, na faida inabaki shilingi 310,000 tu, hata kabla ya kuhesabu siku za wafanyakazi kujifunza. Faida ipo au haipo kutegemea draiva. Basi ijulikane kabla ya fedha kutoka mfukoni.

USHAURI

Kwanza, usiweke Linux moja kwa moja. Mwombe fundi aiandae kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kutoka humo bila kugusa yaliyomo ndani. Chapa kurasa 10, piga skani, unganisha modemu, fungua video na sikiliza sauti. Nusu saa inatosha kukupa jibu.

Pili, unaponunua kompyuta ya mitumba Arusha au Babati, nenda na flashi hiyo. Mwuzaji anayekataa usiiwashe amekwisha kukujibu. Kutoka Katesh hadi Arusha ni zaidi ya kilometa 200, na nauli ya kurudisha mashine mbovu hailipwi na mtu.

Tatu, andika jina kamili na namba ya printa kabla ya kuinunua, kisha uulizie kama ina draiva huria. Printa ya bei ya chini isiyo na draiva ni ghali kuliko ya bei ya juu iliyo nayo.

Nne, anza na kompyuta moja. Iendeshe mwezi mzima, hasa wakati wa msongamano wa fomu za shule na mitihani. Ikipita hapo, hamisha nyingine. Ikishindwa, umepoteza kidogo.

Tano, weka nakala ya kazi zote za wateja mahali pengine kabla fundi hajagusa kitu.

Vijana wenye ujuzi wa ufundi nao waangalie nafasi iliyopo. Kompyuta nyingi zitauzwa kwa bei ya kutupa na watu wanaodhani zimekufa. Anayejua kuchagua zile zenye draiva, kuzisafisha, kuzipima na kuziuza kwa shule, vyama vya ushirika na maduka ya Mbulu na Hanang, akatoa na dhamana ya miezi michache, ana biashara. Mtaji wake mkubwa utakuwa daftari lenye orodha ya vifaa alivyovijaribu kwa mkono wake mwenyewe, na majibu yake.